Hesabu Mahudhurio, Usihesabu Vitu

Mtu akiamua kurahisisha maisha, anaanza na kupunguza vitu. Anagawa nguo, anauza kochi la pili, anafuta programu kwenye simu. Wengine wanahama kabisa mitaa ya mjini Arusha kama Kaloleni au Ngarenaro na kutafuta nusu eka upande wa Usa River ili wafuge kuku na kupanda mboga. Miezi michache baadaye wengi wao wana shughuli nyingi kuliko walizokimbia, na ile kazi inayowaingizia kipato imerudi nyuma. Kutaka utulivu si kosa. Hesabu ndiyo iliyopotoka: walihesabu vitu, hawakuhesabu mahudhurio.

Mahudhurio ni mara ambazo jambo fulani linakudai uwe mahali fulani kwa saa fulani, na usipokuwepo linaharibika. Sufuria ya maharage juu ya mkaa inakudai. Ng'ombe wa maziwa anakudai mara mbili kwa siku, Krismasi na Idi zikiwemo. Maji ya bomba yanayotoka alfajiri tu yanakudai uamke. Mgomba, kwa upande wake, hauna haraka na mtu. Tangi lililojaa linakungoja, na mashati tisa kabatini hayakuulizi kitu. Ukiitazama nyumba kwa jicho hilo, utakuta baadhi ya vitu ulivyotaka kuviondoa ndivyo vinavyokupa nafasi, na baadhi ya mambo yanayosifiwa kuwa ndiyo maisha rahisi ndiyo yanayoila siku yako.

Kabla hujabadilisha chochote, andika wiki moja. Chukua kaunta buku ya kwaya mbili, chora safu tatu. Safu ya kwanza ni jambo lenyewe: kuchota maji, kujibu mteja, kupasi. Ya pili ni saa lilipoanza na lilipoisha. Ya tatu ni herufi moja: S kama lingesubiri hadi kesho bila hasara, H kama halingesubiri. Andika papo hapo. Ukiacha hadi usiku utaandika siku uliyotamani kuwa nayo. Chagua wiki ya kawaida, isiyo na harusi ya ndugu wala kufungua shule.

Wiki ikiisha usijumlishe saa. Piga mstari mwekundu kila mahali ambapo H ilikatiza S iliyokuwa ikiendelea. Fundi cherehani anayekata kitambaa akiitwa jikoni mara nne hapotezi dakika za jikoni peke yake; kila akirudi anapima upya, na hapo ndipo shingo ya gauni inapokatwa vibaya. Mhasibu anayejaza hesabu za duka naye ni hivyo hivyo, na mwalimu anayesahihisha pia. Mistari myekundu ndiyo gharama halisi.

Shida inayojitokeza zaidi katika zoezi hili ni watu kuandika H kwa kila kitu kilichowafikia kwa sauti kubwa. Jiulize: nini kingeharibika? Kama jibu ni "angenuna", hiyo ni S, labda awe mama mkwe. Kwa kaya nyingi za mjini mistari myekundu hutoka kwenye jiko, maji, nguo na simu. Nitakaa zaidi jikoni kwa sababu ndiko dawa yake ni ya uhakika.

Maharage, mwinuko, na kikapu

Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam au Tanga. Moshi mjini mwinuko ni mdogo zaidi, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Ukipanda Kibosho au Marangu unashuka tena hadi 95 au pungufu. Nyuzi tano zinaonekana ndogo, lakini kwa nafaka na kunde kavu ni tofauti ya muda mrefu mno. Aliyehamia kutoka Pwani hulaumu maharage ya Tengeru, kumbe ni maji yake hayana moto aliouzoea. Kuongeza mkaa hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi tena, yanakauka tu.

Njia ya kwanza ya kupambana na hilo ni kuloweka, na ajabu ni jinsi inavyorukwa. Osha kilo moja ya maharage, yaweke kwenye maji mara tatu ya ujazo wake kwa saa 8 hadi 12, kisha mwaga maji hayo. Kuloweka hakukudai chochote, unafanya ukienda kulala. Magadi yanalainisha ganda, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na magadi ya huku kaskazini yana floridi nyingi, ambayo tayari tunaipata ya kutosha kwenye maji. Ukiloweka vizuri hayahitajiki.

Njia ya pili ni kikapu cha kuhifadhi joto. Ni teknolojia ya kimaskini kwa maana nzuri kabisa, na sielewi kwa nini haimo katika kila nyumba inayotumia mkaa. Kwa sufuria ya lita 5 tafuta kikapu cha ukindu, au hata boksi gumu, kinachoacha nafasi ya sentimita 10 kuizunguka sufuria pande zote na chini. Jaza nafasi hiyo kwa vipande vya blanketi kuukuu, sufi, au majani makavu kabisa ya mgomba yaliyokatwakatwa na kushonewa ndani ya kitambaa cha pamba ili yasimwagike. Shona na mto mnene wa kufunika juu, sentimita 10 pia, upana ukiziba mdomo wote wa kikapu. Usitumie kitambaa cha nailoni mahali panapogusana na sufuria, kinaweza kuyeyuka.

Utumiaji wake: chemsha maharage yaliyolowekwa, yatokote kwa nguvu dakika 15 bila kupunguza moto. Hili si la hiari. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa kweli. Joto la vuguvugu kwa muda mrefu haliiondoi, na anayeyala yakiwa nusunusu hutapika ndani ya saa chache. Endelea na moto wa kawaida dakika 20 nyingine. Kisha, mfuniko ukiwa umebana, hamisha sufuria moja kwa moja kutoka jikoni hadi kikapuni, funika kwa mto, ondoka. Saa tatu hadi nne baadaye yameiva. Yarudishe motoni yachemke, ndipo utie kitunguu, nyanya na nazi. Nyanya au limau vikitiwa kabla hayajaiva, maharage yanagoma: asidi inazuia ganda kulainika.

Kinapofeli huwa kwa sababu zinazojulikana. Sufuria ina chakula kidogo. Joto linakaa kwenye maji na chakula, kwa hiyo ijae angalau theluthi mbili. Mtu amefungua kuchungulia, na kila kuchungulia ni kama kuongeza nusu saa. Sufuria imekaa dakika kumi mezani kabla ya kuingia kikapuni. Au maharage yenyewe ni ya mwaka juzi: yakikaa muda mrefu ghalani yanakuwa magumu kiasi kwamba hata kuloweka hakuyarudishi. Dukani uliza ni ya msimu gani, na chagua yenye rangi ya kung'aa. Maharage mapya ya aina ya Lyamungu hayafichiki.

Makande yanataka zaidi: mahindi yaliyokobolewa na kulowekwa usiku kucha, mchemko wa dakika 40, kikapu saa tano, na pengine kuyachemsha tena katikati. Wali ni rahisi, dakika tano za mchemko na dakika 40 kikapuni, maji pungufu kidogo ya kawaida maana hakuna mvuke unaotoroka. Ugali haumo kwenye habari hii. Ugali unapikwa, unaliwa.

Tahadhari moja. Usilaze chakula kikapuni hadi asubuhi. Joto likishuka chini ya nyuzi 60 bakteria wanaamka. Sufuria ikitoka ikiwa vuguvugu, chakula hicho hakiaminiki tena, na kukichemsha hakuondoi kila kilichozaliwa humo.

Sufuria ya presha inashinda mwinuko kwa nguvu: maharage yaliyolowekwa huiva dakika 20 hadi 25 tangu mvuke uanze kulia. Usiijaze zaidi ya nusu kwa kunde, povu huziba tundu la mvuke. Mpira wake ukianza kuvuja pembeni badilisha, usiufunge na uzi. Presha inakudai dakika hizo 25 ukiwa karibu, lakini dakika 25 zinazojulikana ni tofauti na saa mbili za kuchungulia. Mwenye gesi namshauri presha. Mwenye mkaa namshauri kikapu. Mwenye vyote viwili atumie presha siku za kazi.

Kuhusu gesi, mtungi huisha chakula kikiwa nusu, na bodaboda ya kuleta mwingine ni mahudhurio ya hasira. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye shingo yake. Uning'inize kwenye mizani ya mkono, toa uzito huo, unajua umebakiwa na kilo ngapi. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukiwa wa akiba unaondoa wasiwasi huo moja kwa moja. Ni kitu cha ziada ndani ya nyumba, ndiyo. Ndicho nilichosema mwanzoni.

Soko mara moja, genge kila siku

Soko la Tengeru hujaa Jumamosi, na anayeishi upande wa mashariki wa mji anaweza kununua huko vitu vya wiki mbili kwa safari moja: viazi mviringo, vitunguu, karoti, ndizi mshare, maharage. Wa Sakina na Ngaramtoni wana soko lao, wa Moshi wana Mbuyuni. Jambo la kuzingatia ni kwamba bei nafuu ya sokoni ina maana tu kama bidhaa itafika siku ya mwisho ikiwa nzima.

Vitunguu na viazi usivichanganye; viazi vinatoa unyevu na vitunguu vinaoza na kuchipua. Viazi vikae gizani kwenye gunia, maana mwanga unavigeuza kijani na chungu, na uchungu huo ni sumu, umenye sana au utupe. Vitunguu vitandazwe penye upepo. Nyanya chagua kwa mikono yako: theluthi zilizoiva, theluthi zinazogeuka, theluthi bado za kijani, zipangwe safu moja kikonyo kikitazama chini. Muuzaji akikupakia ndoo nzima zilizoiva siku moja, utapika rojo siku tatu mfululizo.

Dona inasifiwa kwa afya, na ni haki yake, lakini kiini cha mahindi kina mafuta yanayochacha. Sagisha ya wiki tatu, nne kwa wingi. Sembe inakaa zaidi. Kama unanunua mahindi ya gunia, yapime ukavu kabla ya kuyafungia: tia konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa dakika mbili, acha dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yataota ukungu ndani ya mfuko usiopitisha hewa, na ukungu wa mahindi huleta sumukuvu.

Mboga za majani ni za genge, na genge liachwe lifanye kazi yake. Kuna watu wanaotaka kila kitu kiwe cha jumla, wanaishia kwenda soko la Kilombero mjini Arusha mara tatu kwa wiki kufuata mchicha wa bei nafuu, nauli na saa mbili juu. Mama wa genge aliye hatua mia kutoka mlangoni kwako ni friji usiyolipia umeme. Mafuta ya kula, sukari na sabuni ndivyo vya kuepuka kununua kwa kipimo kidogo, kwa sababu huko ndiko bei ya lita au kilo inapopanda sana na bidhaa yenyewe haiozi.

Nguo chache, kufua kwingi

Hapa mafundisho ya kupunguza vitu yanaharibu zaidi. Mwenye mashati matatu anafua kila baada ya siku mbili, na Julai Arusha, mawingu yakiwa yamelala juu ya Meru tangu asubuhi, shati zito halikauki siku moja. Atavaa unyevu au atapasi hadi likauke, na pasi ya wati 1,000 kwa saa inakula uniti nzima ya Luku.

Kanuni ni nyepesi: idadi ya nguo za kila siku iwe sawa na siku za mzunguko wa kufua, ukiongeza siku za kukausha. Unafua mara moja kwa wiki na nguo zinakauka siku mbili: mashati tisa, soksi jozi tisa. Moshi wakati wa jua la Januari, nane zinatosha. Sare za shule ziwe jozi tatu kwa mtoto; jozi mbili zinamfanya mzazi afue usiku. Mitumba ya soko la Memorial pale Moshi inafanya hesabu hii iwezekane bila kuvunja kibubu. Zinazozidi idadi hiyo gawa kwa moyo mweupe, maana hazikusaidii.

Loweka nguo nyeupe nusu saa, za rangi dakika 15, peke yake peke yake. Zikilala kwenye maji ya sabuni usiku kucha zinatoka na harufu ya kuvunda na rangi za jirani. Pasi zote kwa mkao mmoja. Pasi ikishapata moto, shati la pili hadi la tisa zinatumia umeme mdogo kuliko kuiwasha upya kila asubuhi, na siku umeme ukikatika saa kumi na mbili asubuhi wewe hujali.

Maji

Kaya ya watu wanne ikitumia lita 50 kila mtu ni lita 200 kwa siku. Tangi la lita 1,000 ni siku tano. Muhimu kuliko ukubwa ni boya: kifaa cha bei ndogo kinachofungua bomba tangi likipungua na kulifunga likijaa. Boya ndilo linaloamka saa tisa usiku badala yako. Lita 1,000 ni tani moja ya uzito, kwa hiyo msingi uwe zege bapa linalobeba kitako chote cha tangi. Vichanja vya mbao hupinda, tangi linapasuka kitako. Presha ya maji mtaani kwenu ikiwa ndogo, tangi la juu halitajaa kamwe. Liweke chini na uvumilie ndoo.

Mvua ni maji yasiyo na ratiba lakini hayana bili. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20, ni lita 1,200. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na 960. Acha dakika kumi za kwanza zimwagike, zinabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa Arusha kuna faida nyingine. Maji ya chini ya ardhi kuuzunguka Mlima Meru yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, ndiyo chanzo cha meno ya kahawia unayoyaona, na kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza. Kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, maji ya mvua ya kunywa yana thamani kuliko tangi lenyewe. Floridi haiko ndani yake, vijidudu vinaweza kuwepo, hayo yachemshwe.

Kabla ya kununua ng'ombe

Ng'ombe mmoja wa maziwa wa kilo 400 anataka kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku, maji ya kutosha na kukamuliwa mara mbili, saa zilezile. Kukata na kubeba kilo 40 ni kazi ya mtu, si ya pembeni. Kuku wa mayai 50 wanakula kilo 6 za chakula kwa siku, wanataka maji safi asubuhi na jioni na chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu hivi. Hakuna ubaya wowote, ila ijulikane kuwa ni ajira.

Kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, kinaonyesha jinsi wazee walivyochanganya vinavyosubiri na visivyosubiri. Miti ya kivuli juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, magimbi na maharage chini kabisa, ng'ombe zizini akila majani ya mgomba na kurudisha mbolea. Mgomba na magimbi vinasubiri. Ng'ombe hasubiri. Kahawa ni ya aina yake: miezi mingi haikudai sana, halafu msimu wa kuvuna inakudai yote kwa pamoja, kwa sababu buni iliyoiva ikichumwa inatakiwa ikobolewe siku hiyohiyo, ikilala kwenye gunia inachacha na ladha inaharibika. Kahawa hiyo ndiyo iliyozaa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, mwaka 1933 na kulipia ada za shule za vizazi. Lakini kihamba kilibebwa na kaya nzima, bibi, watoto na majirani wa msaragambo, yaani kazi za pamoja. Mtu mmoja mwenye kompyuta mpakato hawezi kukibeba na bado akamaliza kazi ya ofisi. Akitaka shamba la peke yake, apande migomba, parachichi na sukuma wiki, amwachie jirani ng'ombe na anunue maziwa kwake.

Kazi yenyewe, na simu

Hadi hapa tumeondoa mistari myekundu ya nyumbani. Iliyobaki mingi ni ya simu. Chagua saa tatu mfululizo za kazi ya S, na kwa wengi saa mbili hadi saa tano asubuhi ndizo bora: nyumba imetulia, baridi bado inachangamsha, wateja hawajaanza kupiga sana. Mwenye duka hana nafasi hiyo. Yeye achukue saa kumi na mbili hadi saa mbili kabla ya kufungua, na akubali kwamba ni saa mbili tu.

Weka simu kwenye hali ya kutosumbua, lakini ruhusu anayepiga mara ya pili ndani ya dakika chache asikike. Simu nyingi za kisasa zina chaguo hilo. Kisha liandike wazi mahali wateja wanapoona, kwenye maelezo ya WhatsApp: "Ujumbe nasoma saa tano, saa nane na saa kumi na moja. La haraka, piga mara mbili." Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayofanya ya kwanza ikubalike. Wiki mbili za mwanzo watu watapiga mara mbili kwa ajili ya kuuliza bei. Wajibu kwa upole na kwa ufupi, "nakutumia saa tano," na utume kweli saa tano. Anayechelewa kujibu kwa saa aliyoahidi mwenyewe ndiye anayewafundisha wateja kupiga ovyo.

Kwenye kaunta buku andika kazi tatu za kesho kabla ya kulala, si kumi. Kila moja iandikwe kwa kitendo kinachoonekana: "kata magauni mawili ya kamati", si "shughulikia oda". Ya nne ipo tu kama tatu zimeisha. Kazi ikihamishwa siku tatu mfululizo, ama ni kubwa mno igawanywe, ama huitaki na uifute.

Makundi ya michango yanataka utaratibu wa peke yake. Mwanzoni mwa mwaka tenga kiasi cha kila mwezi cha harusi, kipaimara na send-off, na kwa kila kadi toa kutoka fungu hilo hadi liishe. Kundi la kamati linyamazishe, lisome Jumapili, tuma ahadi yako mapema. Aliyelipa mapema hatafutwi. Misiba usiinyamazishe. Kundi la ukoo na la majirani wa mtaa yaachwe na sauti, na siku ya msiba safu yote ya S ifungwe bila kujilaumu. Mgeni aliyebisha hodi naye ni H halali, chai iwe tayari kwenye chupa.

Kalenda ya huku nayo ina visivyosubiri vyake. Kuanzia wiki ya tatu ya Desemba Wachaga wanapanda nyumbani, mabasi yanajaa, mafundi na mawakala hawapatikani Moshi hadi Januari ishike. Usiahidi mteja kitu cha tarehe hizo. Aprili barabara za vumbi za pembezoni zinakuwa tope na safari ya nusu saa inakuwa ya saa moja na nusu, kwa hiyo mizigo mizito inunuliwe Februari. Juni hadi Agosti ongeza siku moja ya kukausha kwenye hesabu ya nguo.

Baada ya mwezi rudia zoezi la safu tatu kwa siku saba nyingine, kwa kalamu ileile. Saa zilizookolewa hazionekani zenyewe. Zisipoandikiwa jina mapema zinaingia kwenye simu. Ziandikie: hesabu za TRA Jumanne asubuhi, kutembelea wazee Alhamisi jioni, kulala mchana Jumapili. Na kama mistari myekundu haijapungua, angalia kwanza jikoni, mara nyingi utakuta kuna mtu bado anafungua kikapu kuchungulia.